Kutoka Kibokoni hadi kwa mamba

Kikundi: UKOO WA KIBOKONI 🌊
Jumamosi, mwezi wa tano

Salim (Lodwar) 19:42
Asalaam alaykum jamaa. Mchana kutwa sikuwa na mtandao, msinione kimya. Nimerudi salama alhamdulillah.

Mama Salim 19:43
Waalaykum salaam. Umerudi kutoka wapi? Mimi nikijua uko kazini.

Salim 19:44
[Picha] [Picha] [Picha] [Picha]

Fatma 19:45
Subhanallah! Hiyo kijani ni rangi ya maji au ni simu yako?

Salim 19:47
Maji yenyewe. Hiki ni Kisiwa cha Kati, katikati ya Ziwa Turkana. Chote ni mlima wa moto uliochomoza majini. Na hilo la kijani si ziwa kubwa, ni ziwa jingine dogo juu ya kisiwa, limejaa ndani ya kasoko, lile shimo la mlima wa moto. Yako matatu: la mamba, la heroe (wale ndege wa waridi) na la tilapia. Ziwa ndani ya ziwa.

Shangazi Zena 19:48
Na hayo magogo ufukweni?

Salim 19:48
Si magogo, shangazi.

Shangazi Zena 19:48
Yallah!!

Mama Salim 19:49
Salim. Nipigie.

Mama Salim 19:49
La, usinipigie, nitakutukana. Andika hapa kila mtu asome.

Mjomba Bakari 19:55
Mmevuka na chombo gani?

Salim 19:56
Shikamoo mjomba. Boti ya faiba, tulitokea upande wa Kalokol. Kama saa moja hivi majini.

Mjomba Bakari 19:57
Marahaba. Injini ngapi?

Salim 19:57
Moja.

Mjomba Bakari 19:58
Ikizima?

Salim 19:58
Nami nilimuuliza nahodha. Akanionyesha kasia.

Mjomba Bakari 19:58
Kasia moja au mbili?

Salim 20:01
Mjomba…

Shangazi Zena 20:02
Bakari mwache mtoto. Ziwa hilo si bahari, mawimbi yatatoka wapi?

Mjomba Bakari 20:06
Zena, wimbi haliulizi maji ni ya chumvi au ya baridi. Linataka upepo na nafasi ya kukimbilia. Ziwa hilo lina urefu gani?

Salim 20:08
Zaidi ya kilomita 240 kutoka kusini hadi kaskazini. Na upepo usiseme. Unavuma wa kusini-mashariki, unashuka milimani kama umefunguliwa mlango. Si mnajua ile mitambo ya umeme wa upepo kule ng'ambo, upande wa Loiyangalani? Iko 365, megawati 310. Hawakuiweka pale kwa kupapenda. Jana tulifika tukaambiwa siku hiyo hapavukiki, tukalala Kalokol. Leo ukatulia ndipo tukaenda.

Mjomba Bakari 20:09
Nahodha ndiye aliyesema hapavukiki?

Salim 20:09
Ndiye. Na tulikuwa tumeshalipa.

Mjomba Bakari 20:10
Huyo mtu anajua kazi.

Mwalimu Juma 20:14
Salim umenikumbusha darasa langu la leo. Vitabu vinasema Teleki, yule Mhangaria, na mwenzake von Höhnel ndio "waliolifikia" ziwa hilo mwaka 1888, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Hadi 1975 ndipo likaitwa Turkana. Lakini msafara ulitokea Pangani, wapagazi wengi watu wa pwani, na mtu aliyekuwa nao aliyezijua njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Watu wetu walikunywa maji ya pale kabla ya Salim.

Ummi (Muscat) 20:15
Na hao Waturkana wenyewe walikuwa wapi, hawalioni? 😂

Mwalimu Juma 20:15
Ndiyo maana nimetia alama za kunukuu, dada.

Salim 20:17
Maji yenyewe yana magadi, mwalimu. Yanashuka lakini ulimi unalalamika.

Fatma 20:19
Nimetafuta mtandaoni. Mwaka 1934 wazungu wawili wa msafara wa Fuchs, mtafiti Mwingereza, walivuka kwenda kisiwa cha kusini cha ziwa hilohilo, hawakuonekana tena mpaka leo

Mwalimu Juma 20:19
Fatma, hapa si mahali pake.

Fatma amefuta ujumbe huu

Mama Salim 20:20
Nimeshausoma.

Ummi (Muscat) 20:23
Watoto hapa wanauliza kama wale ndege wa waridi wapo kweli.

Salim 20:26
Wapo, ila leo walikuwa wachache, wako ng'ambo ya maji, ukiwa juu unawaona kama unga wa waridi umemwagika. Mwari na mnandi ndio wengi. Na mnuko! Hakuna anayeusema huo kwenye picha. Kuna kinyesi cha ndege, kuna samaki, halafu kuna mahali mawe yanatoa moshi wa kiberiti. Ardhi pale ina joto hadi ukiigusa kwa kiganja. Mchanga mweusi, ukivua viatu umejitakia.

Salim 20:31
Lakini kilichonipeleka ni mamba. Nilihesabu 14 nikaacha. Hapo ni pa kuzalia, na mwezi huu ndio wanaanguliwa. Askari wa wanyama alituonyesha shimo la mayai kwa mbali. Akatuambia mayai hukaa mchangani kama miezi mitatu, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoke madume au majike. Wakikaribia kutoka, wanalia wakiwa bado ndani ya yai. Mama akisikia huja kufukua, huwabeba kinywani hadi majini.

Shangazi Zena 20:32
Kinywani! Na meno yale!

Salim 20:32
Na hakuna anayekwaruzwa.

Mama Salim 20:34
Mwana wa mamba humwita mamake kabla hajatoka. Wangu mimi ameshavuka ziwa na kurudi ndipo anasalimu.

Ummi (Muscat) 20:34
😂😂😂

Salim 20:36
Nisamehe mama. Ningekwambia ungekataa.

Mama Salim 20:36
Ningekataa, ndiyo.

Mwalimu Juma 20:41
Ni kweli lile ziwa linakauka? Nilisoma UNESCO waliliweka kwenye urithi ulio hatarini.

Salim 20:45
Waliliweka 2018, kwa sababu ya bwawa la Gibe III huko Ethiopia, maana maji mengi ya ziwa yanaletwa na mto Omo. Kila mtu alingoja likauke. Badala yake miaka hii ya karibuni maji yamepanda, yamemeza nyumba za wavuvi. Nahodha alinionyesha vichwa vya miti viko majini, akasema, "Pale ndipo nilipokuwa nikifunga mbuzi."

Mjomba Bakari 20:52
Ukirudi Kalokol muulize: huo upepo hubadilika saa ngapi, na yeye huujua kwa mawingu au kwa ndege?

Salim 20:53
Kwa nini usije umuulize mwenyewe? Desemba nina likizo. Mnakuja Nairobi, tunapanda basi la Kitale, Lodwar, hapo Kalokol kama kilomita 60.

Fatma 20:53
Mimi nimo!!

Mwalimu Juma 20:54
Shule zimefungwa Desemba. Nimo.

Shangazi Zena 20:55
Mimi nitakuja lakini kwa mamba sishuki.

Mama Salim 20:56
Bakari una miaka 71 na goti. Utapanda mlima gani?

Mjomba Bakari 20:57
Nyinyi pandeni. Mimi nitabaki chini na nahodha, tuna mazungumzo.

Salim 20:58
Mama?

Salim 21:10
Mama upo?

Mama Salim 21:24
Hiyo boti ina jaketi za kuokolea ngapi?

Salim 21:25
Sita.

Mama Salim 21:25
Hesabu vizuri. Na nahodha tuko saba.