Kona za Usambara: acheni kupima bega la barabara, chorongeni mlima!

Wakuu, ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto unaona wazi kuwa hatari haiko chini ya tairi. Iko ubavuni, kwenye kingo zilizokatwa karibu wima. Kwa nini basi uchunguzi wa udongo unaishia begani? Vishimo vya mita mbili tatu, DCP imegongwa, ripoti imefungwa. DCP ni kipimo cha kugonga fimbo yenye ncha ya koni ardhini, kwa nyundo ya kilo 8 inayodondoka sentimita 57.5. Inapima tabaka za barabara, kwa kawaida kina kisichofika hata mita moja. Mlima unaweza kukatikia mita kumi ndani!

Hata mtambo wa kuchoronga ukiletwa, kazi inaharibiwa. Kwenye SPT, kipimo cha kugonga bomba la sampuli chini ya shimo, nyundo ya kilo 63.5 inadondoka sentimita 76. Unaacha sentimita 15 za kwanza, unahesabu mapigo ya 30 zinazofuata. Yakifika 50 bila bomba kumaliza sentimita hizo, wanaandika "mwamba" na kuhamisha mtambo. Mwamba gani? Huu ni mlima wa naisi, jiwe gumu lenye mistari, iliyooza ikawa udongo, na ndani yake yamebaki majabali yanayoelea. Mmegonga jabali! Chorongeni kwa bomba la kutoa kiini, mwingie walau mita 3 ndani ya jiwe, ndipo mseme mwamba. Na matabaka ya jiwe yakiinamia barabara, iandikwe kwa herufi kubwa.

Linaloudhi kuliko yote ni maji. Wanachoronga kiangazi, shimo kavu, wanaandika "maji hayakuonekana". Lakini mlima hushuka masika, maji yanapojaa kwenye vinyweleo vya udongo na kuupunguzia mshikamano. Acheni pizomita shimoni, yaani bomba la kupimia maji ya ardhini, isomwe kila wiki masika yote, na kila siku mvua ikishinda inanyesha. Sampuli nayo iloweshwe kabla ya kupimwa nguvu. Udongo mkavu unadanganya.

Kwa uchunguzi mbovu hivyo, ndiyo maana gabioni, vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, zinapangwa juu ya kifusi cha mporomoko uliopita, bila kitambaa cha kuchuja nyuma. Udongo unachomoka kati ya mawe, ukuta unainama.

Kila kona mbovu ipate mashimo matatu kwenye mstari mmoja: juu ya ukingo, katikati, na upande wa bondeni, yote yapite chini ya uso wa mtelezo, pale udongo unapoteleza na kukatika. Hesabu ya uthabiti, ya kuona kama mlima utasimama, itumie kina cha maji cha masika. Na hadi hapo, greda linapozoa kifusi lisichimbe kitako cha ukingo, maana hicho ndicho kinachoushikilia.