Mrejesho: daftari langu la vipepeo wa Amani

Ndugu zangu, niliomba msaada wa kuyaandika kitafiti maelezo yangu ya vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki. Nimelirudia daftari lote, na asanteni sana.

Sentensi iliyonitesa ilikuwa: "Kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya njano anahangaika kwenye mlimau." Sasa inasomeka: "Saa 3:40 asubuhi, jua, upepo hafifu. Papilio demodocus (jina la kisayansi la kipepeo huyo), jike 1, aligusa majani machanga kwa miguu, akapinda tumbo na kutaga mayai 4, moja moja."

Mlikuwa sahihi: "anahangaika" ilikuwa hisia yangu, kumbe mwenyewe alikuwa anaonja jani kwa miguu! "Wengi sana" nayo nimeifuta. Sasa nahesabu ninaowaona ndani ya dakika 15.

Kilichoniuma ni wale wa rangi ya chungwa. Wote niliwaandika Danaus chrysippus, ilhali jike la spishi nyingine, Hypolimnas misippus, humwiga mno. Bila picha, naandika "spishi haikuthibitishwa".

Ila kwa yule wa mlimau, "kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege" nimeiacha ilivyo. Ndivyo alivyo hasa.