Waldner ameshastaafu, kwa nini Wachina bado wanamwimba?

Mchokozi: Jan-Ove Waldner wa Uswidi, mchezaji wa tenisi ya meza, alitundika kibao 2016. China mpaka leo wanamwita Lao Wa, yaani Mzee Wa, "Wa" ikiwa kifupi cha Waldner. Ma Long, mtoto wao wenyewe, ana dhahabu mbili za Olimpiki za mchezaji mmoja mmoja na ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo. Iweje mgeni apendwe hivi? Karibuni.

Kobe: Jibu liko wazi. Seoul 1988 hadi Athens 2004, Olimpiki tano. Kila kizazi cha Wachina kilimkuta mezani.

BintiSaidi: Na dhahabu zake mbili, Barcelona na Sydney, mbona huzitaji?

Kobe: Moja, dada. Barcelona 1992, Gatien wa Ufaransa alilala 3-0 fainali. Sydney alipata fedha, Kong Linghui wa China alimshinda 3-2 fainali.

BintiSaidi: Fedha ya seti tano naihesabu dhahabu. Nishtaki.

Pwagu: Mnagombania nini? Kupigapiga kidude cha plastiki mezani nako ni michezo? Hata mwenye kitambi anacheza.

MwalimuJioni: Wakati wake kimpira kilikuwa cha seluloidi, malighafi ya zamani; plastiki ya sasa imeingia 2014. Hilo la kitambi, bwana mdogo, njoo ukumbini kwetu. Dakika kumi tu utaulizia maji.

Pwagu: Mwalimu, hata kwenye mjadala wa bao ulitisha watu hivihivi, tukakungoja hadi leo.

MwalimuJioni: Bao nilikuwa safarini!

Kobe: Athens 2004 ana miaka 38. Ma Lin wa China chali 4-1, Timo Boll wa Ujerumani chali 4-1. Kitambi hicho kiko wapi?

Pwagu: Malizia basi. Nusu fainali Mkorea akampiga, na shaba akaikosa.

BintiSaidi: Wa nne duniani na miaka 38! Wewe ngazi za ghorofa ya pili unakaa kupumzika katikati.

Pwagu: Sasa tumefika kwenye ngazi zangu?

Mchokozi: Jamani, mada ni Wachina.

Msafiri_Guangzhou: Huku wazee wa bustanini ukimtaja wanaacha kucheza wakuhadithie. Dortmund 1989 Uswidi iliwafunga China 5-0 fainali ya timu, kwao ulikuwa msiba. Lakini Waldner alikwenda kujifunza kwao tangu kijana, kwa hiyo wanamhesabu kama mkwe msumbufu. Na zile servisi zake, mipira ya kuanzia! Mkono uleule, mpira unakwenda usikotarajia. Ma Long unamheshimu, Lao Wa unamngojea afanye kituko.

Pwagu: Kituko ndiyo sarakasi. Nilisema si michezo.

MwalimuJioni: Jumamosi, saa kumi jioni. Kibao nitakuazima, soda unanunua wewe.

Pwagu: Jumamosi nina harusi.

BintiSaidi: Ya nani? Tutaje ukumbi, tuje wote.