Uingereza walifunga dawati la UFO wakawaachia raia wajichunguzie wenyewe: sawa au siyo?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za Jumapili. Jana jamaa yangu mmoja kanibishia eti Waingereza wanaokesha porini kutafuta UFO (vitu vya angani visivyotambulika) ni watu wasio na kazi, na ndo maana serikali yao ilifunga ile ofisi ya kupokea taarifa zake. Kweli ilifunga, wizara yao ya ulinzi iliacha kupokea taarifa za UFO Desemba 2009, ikasema miaka zaidi ya 50 hakuna taarifa hata moja iliyoonyesha tishio kwa nchi. Hapo sina ugomvi. Ila mimi nasema kazi ya maana imefanywa na hao hao wa kujitolea, wizara ilikuwa inatunza mafaili tu.

Chukua msitu wa Rendlesham, Suffolk, Desemba 1980. Wanajeshi wa Marekani wa kambi ya Woodbridge waliona mataa msituni usiku wa manane, siku mbili baadaye naibu kamanda wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, akaingia mwenyewe na rekoda na kipimo cha mionzi, Januari akaandika barua ya ukurasa mmoja, ikafika wizarani, ikalala. Sasa nani alienda kuangalia ardhi? Ian Ridpath, mwandishi wa mambo ya nyota, 1983, akiwa na mtu wa misitu wa pale pale. Yale mashimo yaliyosemwa ni miguu ya chombo, yule wa misitu akasema hivi ni vishimo vya sungura, na makovu kwenye miti ni shoka letu sisi, tunatia alama mti wa kukatwa. Halafu enzi hizo ukisimama ukingoni mwa msitu ukatazama upande wa bahari, ulikuwa unaona mnara wa taa wa Orfordness (ulibomolewa 2020) ukimulika kila sekunde 5. Sikiliza kanda ya Halt, mtu anasema "ile pale tena", wewe hesabu moja mpaka tano, anasema "ile pale!"

Mchangiaji 1:
Mkuu acha kudharau watu wa jeshi. Halt mwenyewe kasema mnara anaujua na aliuona kando na zile taa. Kanali mzima achanganye taa ya mnara na chombo? Na Calvine utasemaje, Scotland, Agosti 1990, picha 6 zilifika wizarani, umma haukuonyeshwa hata moja mpaka 2022 ilipopatikana kwa afisa habari mstaafu wa jeshi la anga aliyeitunza miaka yote hiyo. Kitu kama almasi na ndege ya kivita pembeni. Wanaficha hao.

Mchangiaji 2:
Mi nabisha upande wa pili. Hao wa kujitolea wanadanganyika kama watoto. Warminster, mji wa Uingereza, 1970, watu wamejaa kilimani Cradle Hill usiku wanasubiri visahani vya angani, vijana wakamulika taa ya zambarau kutoka mbali, mwenzao kajichanganya kwenye umati na kamera ambayo filamu yake ilishapigwa picha feki kabla. Jarida la visahani likazichapisha kabisa. Changa la macho la wazi.

Mtoa mada:
Mchangiaji 2 asante, umenisaidia bila kujua, maana waliotega ule mtego nao walikuwa wachunguzi wa kujitolea, walitaka kuwapima wenzao. Ofisi gani inajipima hivyo? Mchangiaji 1, Calvine nakubali haijaeleweka, ila aliyeisaka ile picha ni David Clarke, mwandishi wa habari na mhadhiri, siyo wizara. Na kuhusu Halt sijasema ni muongo, nasema binadamu anakosea. Barua yake inasema usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 27, Ridpath akaenda kuuliza polisi wa Suffolk, kumbe wao waliitwa tarehe 26, na wakaandika kwamba taa pekee walizoziona ni za mnara. Ukishaweka tarehe 26 ndo unakuta alfajiri hiyo hiyo, kama saa tisa usiku, kimondo kikubwa kilionekana kusini mwa Uingereza. Wizara walipouliza watu wa rada waliuliza kwa tarehe za kwenye barua, yaani zile zilizokosewa.