"Adverse" na "averse": wakuu, nimechemka wapi?

Kalamu Butu: Habari zenu wakuu. Naomba kazi ya kutafsiri, na kwenye barua nimeandika "I am not adverse to working at night", nikimaanisha kazi ya usiku hainisumbui. Rafiki yangu kaipitia, anasema hapo ni "averse". Nimefungua kamusi, naona yote mawili yana harufu ya kupinga. Tofauti ni nini? Barua sijaituma.

Chungu cha Maneno: Rafiki yako yuko sahihi, mkuu. "Averse" ni ya moyoni: mtu hataki, anakwepa. Anayeogopa kuweka pesa zake pa hatari huitwa "risk-averse". "Adverse" ni jambo lililokukalia vibaya. Soma karatasi ya dawa utakuta "adverse effects", madhara yake. Dawa haikuchukii, inakudhuru tu. Barua yako hapo ni kama inasema wewe huna madhara kwa kazi ya usiku!

Bi Nukta: Niongeze kidogo. Mzizi wao ni mmoja, kitenzi cha Kilatini vertere, kugeuza. Ad- ni kuelekea, a- ni kutoka kwenye kitu. Kilicho "adverse" kimekugeukia wewe, kama upepo wa mbisho unavyomkabili nahodha. Aliye "averse" kageuka mwenyewe, kakipa kitu kisogo. Ukisahau, ile d ichukulie kuwa ya "dhara".

Kalamu Butu: Hapo kwenye mbisho ndipo nimeelewa. Ila "adverse to" nimewahi kuiona kwenye hati ya kisheria. Nao walikosea?

Chungu cha Maneno: Hapana, ipo. "A ruling adverse to his interests" ni uamuzi unaoumiza maslahi yake. Kinachosemwa ni uamuzi, si hisia za mtu. Wanasheria wana hata "adverse party", mpinzani kwenye kesi. Huyo ni mtu kweli, lakini katajwa kwa upande aliosimama, si kwa asichokipenda. Halafu "averse" peke yake haikai mbele ya nomino. Husemi "an averse man", unasema "a man averse to noise".

Mpita Njia: Mimi ningeandika "I don't mind working at night" nikalala zangu.

Bi Nukta: Na usingekosea, Mpita Njia. "Not averse to" ina kamaringo fulani, kama mtu anayekubali huku anajivuta.

Kalamu Butu: Sitaki wadhani najivuta. Nimeweka ya Mpita Njia, barua imeenda. Shukrani wote.