Mnatoa wapi tumaini mambo yakikataa?

MamaOmena_Kisumu:
Bwana asifiwe wapendwa. Naandika saa nane usiku juu usingizi umekataa. Mzee wangu alianguka na pikipiki, mguu ukawekwa vyuma, tangu hapo ni mimi peke yangu nauza omena, wale samaki wadogo, pale soko la Kibuye, na hii mvua omena haikauki inanuka tu kwa neti. Kodi ni miezi miwili sijalipa. Kanisani kila mtu ananiambia Yeremia 29:11, Mungu ana mpango na wewe, naitikia amina narudi nyumbani napata unga ni ule ule wa jana. Sijaacha kuamini. Nauliza tu wale wamepitia, mlikuwa mnaamka aje asubuhi?

BabaNyando:
Pole sana mama. Mafuriko ya 2024 yalitutoa kwa nyumba tukalala shuleni, na huo mstari ulikuwa unanikasirisha hadi siku nilisoma sura yote. Kumbe ni barua Yeremia aliandikia watu walikuwa wametekwa wakapelekwa Babeli, na mstari wa 10 wanaambiwa ni miaka 70, si wiki ijayo! Alafu mstari wa 5 wanaambiwa wajenge nyumba na wapande bustani huko huko ugenini. Hapo ndio palinishika. Maji yalipoisha nilipanda sukuma wiki mistari mitatu kwa yale matope, bibi akaniuliza kwani haitabebwa tena, nikamwambia inaweza bebwa. Nikapanda tu. Mdomo wangu haukuwa na maombi hiyo wiki, jembe ndio liliomba.

Mama_wa_Nakuru:
Dadangu usijilazimishe kuchangamka. Soma Zaburi ya 88, inaanza na kilio inaishia gizani, na bado iko kwa Biblia, maana yake Mungu anakubali hata maombi ya aina hiyo. Mimi nilizika mtoto, nikakosa kabisa maneno. Wamama wa jumuiya walikuwa wanakuja kwangu kila Alhamisi wanasali rozari, mimi nimekaa kwa kona nimeshika tu zile shanga sisemi kitu. Walinibeba hivyo miezi mingi.

kijana_wa_Kakamega:
Naongezea Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka tu kuwashinda manabii wa Baali na sasa yuko chini ya mti anaomba afe. Malaika hakumhubiria, alimwambia inuka ule, akala akalala, akaamshwa akala tena. Mama, Jumapili ukiulizwa habari usiseme niko sawa. Sema kodi ni miezi miwili. Kanisa haliwezi kukuletea mkate kama halijui una njaa.

MamaOmena_Kisumu:
Mungu awabariki, nimesoma yote nikilia. Hiyo Zaburi nimemsomea mzee, alinyamaza sana kisha akasema rudia. Nimeambia mama mmoja wa kanisa ukweli wa kodi, amesema atakuja jioni na wenzake. Saa hii jua limetoka kidogo, wacha nikimbie nianike.