Dar hadi Kigali kwa basi na watoto wawili: nibebe vyombo gani nisizalishe takataka njia nzima?

MamaZuhra

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mdogo wangu anaolewa Kigali mwezi ujao na tumeamua kwenda kwa basi kutoka Mbezi: mimi, Zuhra wa miaka saba, na mdogo wake wa mwaka na nusu.

Desemba tulikwenda Singida. Tunashuka, chini ya siti yetu kumejaa chupa za maji, vifuko vya ubuyu, yale maboksi meupe ya chipsi yanayomeguka, na nepi moja niliyoificha pembeni kwa aibu. Zuhra akauliza, "Mama, hivi vinaenda wapi?" Utingo akamjibu kwa fagio: vyote mlangoni, vikatua barabarani.

Safari hii nataka tubebe vyombo vyetu. Ila nikiangalia mitandaoni naona vijiko vya mianzi, mirija ya chuma, shampuu ya kipande, vitu ambavyo hapa Mbagala sijui hata nimuulize nani. Aliyewahi kupita njia hiyo na watoto anisaidie: kipi kinasaidia kweli na kipi ni mzigo tu? Maji mnayapata wapi? Na nasikia pale Rusumo, mpakani mwa Rwanda, wanapekua mifuko ya plastiki.

BukuJero

Mama Zuhra usijitese. Maji buku, ukimaliza chupa kuna vijana kituoni wanaziokota wanauza kwa kilo. Ukija na chupa yako unamkosesha mtu riziki. Safari ndefu, mtoto mgongoni, bado ubebe na masufuria?

DadaWaVitenge

BukuJero, chupa inayookotwa ni ya kituoni. Iliyorushwa dirishani kwenye pori la Biharamulo anaifuata nani, kiboko?

Mama Zuhra, mimi njia hiyo naipita kwa biashara, na nimeipita na wanangu wakiwa wadogo kama wako. Kipimo changu ni hiki: kitu nisichoweza kukitoa kwa mkono mmoja nikiwa nimekaa, hakipandi basi. Mzigo ulioingia buti uhesabu haupo mpaka Nyabugogo, stendi ya Kigali. Basi likisimama ni dakika kumi, kumi na tano, na humo uwapeleke watoto kuchimba dawa, ununue chakula, urudi kabla dereva hajapiga honi ya pili. Hivyo vijiko vya mianzi vyenye kifuko chake hutavikumbuka. Kijiko cha nyumbani kimoja kwa kila mtoto, kifunge kwenye leso, basi.

Maji ndiyo yanayozaa taka kuliko vyote, kwa hiyo anza nayo. Chemsha usiku wa kuamkia safari, yapoe, jaza dumu safi la lita tano, likae miguuni kwako. Watoto wawe na chupa zao ndogo, ujaze kidogo kidogo, nusu tu, maana chupa iliyojaa mtoto ataimwaga. Halafu chupa ya chai ya lita moja, hiyo iwe na maji ya moto tu. Chai utanunua, lakini maji ya moto ndiyo uji wa mdogo, ndiyo kuoshea kijiko, ndiyo kumfuta mtu uso. Yakiisha, mama ntilie yeyote mwenye jiko linalowaka atakujazia ukimpa chochote. Mimi huwa naagiza chai kwanza ndipo naomba. Bomba la kituoni usilijaribu kwa kunywa, hata kama wenyeji wanakunywa.

Chakula: nunua mkebe wa stili wenye mfuniko wa vibano viwili, ule wa watoto wa shule. Utoke nyumbani umejaa vitu vikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, katlesi. Mchuzi usithubutu. Mkifika Dodoma utakuwa mtupu, na hapo ndipo unaanza kuwa sahani yenu ya njiani. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapokwama: mpe muuzaji mkebe kabla hajagusa boksi lake. Mwambie "niwekee humu" ukiwa bado unahesabu hela. Ukingoja mpaka chipsi zimeingia kwenye boksi ndipo uzihamishe, boksi linatupwa palepale, na wewe umebaki na chombo cha kuosha. Wengine watakuangalia kwa jicho la "huyu vipi?", lakini boksi analinunua yeye, hakuna anayekataa. Mmoja pale Singida kuniona na mkebe akaniongezea kipaja.

Kuosha usisumbuke. Chana kanga kuukuu vipande vya ukubwa wa leso, vya kutosha, viwe ndiyo tishu zenu. Kimoja unakilowesha maji ya moto, unafuta mkebe, umemaliza.

Rusumo ni kweli. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 wakapitisha sheria nyingine ya plastiki za kutumia mara moja. Mizigo inashushwa, inafunguliwa, na hawana ugomvi, wanachukua tu. Sisi Watanzania tumeacha rambo tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini tuliacha ya kubebea sokoni. Ya ndani ya begi bado tunayo. Kinachokamatwa pale ni viatu vilivyofungwa kwenye nailoni, sabuni, nguo chafu, zawadi ya harusi iliyovalishwa nailoni juu ili ing'ae. Viatu vitie kwenye foronya kuukuu. Sabuni tia kwenye kopo lake. Zawadi funga kwa kanga mpya, na kanga yenyewe bibi harusi abaki nayo.

Nepi sasa. Za kitambaa nazipenda, ila ndani ya basi hapana. Mchana kutwa, usiku kucha, utafulia wapi? Njiani tumia za dukani, ukifika kwa shemeji mwenye kamba ya kuanikia ndipo utoe za kitambaa. Pedi za kufua vivyo hivyo, kama siku zako zitaangukia humo. Nepi zilizotumika usizirushe, beba ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ziingie humo mpaka mfike penye pipa. Ndoo hiyo hiyo ndiyo ya kutapikia. Utingo atawapa kifuko cha nailoni, na mtoto akishatapika kila mtu anajua kifuko kinakwenda wapi.

MtuWaLikoni

Dada amesema kweli karibu yote. Sisi Kenya mifuko ilikatazwa tarehe 28 Agosti 2017, nami nimeona jambo moja: mfuko wa kitambaa ukiwa ndani ya begi ni sawa na kutokuwa nao. Ufunge kwenye kishikio cha mkoba, nje, ndipo utautumia ukinunua ndizi dirishani.

Lakini mkebe wa stili sikubaliani. Chipsi zikitoka mafutani chuma chote kinawaka, na mtoto wa miaka saba atautaka aushike mwenyewe. Uzungushie leso kwanza, ama utumie bakuli la plastiki nene.

Na mkiamua kurudi kwa kupitia kwetu muwaonyeshe watoto wanyama, jueni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziingii kwenye mbuga za taifa, wala vikombe, wala mirija ya aina hiyo. Hizo chupa zenu ndogo zitawafaa.

DadaWaVitenge

La moto umenena, leso ni lazima. Bakuli la plastiki mimi siliwezi, harufu ya kuku haitoki, na mtoto kesho yake anakataa uji.

BukuJero

Haya, nimeelewa ya porini. Ila dumu la lita tano miguuni kutoka Mbezi hadi Rusumo, miguu yako utaiweka wapi?

DadaWaVitenge

Juu ya dumu. Na kila tukisogea linapungua. Ukifika Kahama ni tupu, unalifunga kwa kamba nje ya mkoba.

MamaZuhra

Jamani asanteni sana. Mkebe nimeshaupata Mbagala Rangi Tatu, wa vibano viwili kama ulivyosema dada, na Zuhra ameshaanza kukata kanga, nimemwahi kabla hajaifikia ile mpya. Swali langu la mwisho ni hiyo ndoo. Nina ya rangi ya lita ishirini na nina ya mafuta ya kula ya lita kumi. Ipi?

DadaWaVitenge

Zote kubwa, hazipiti chini ya siti. Tafuta ya lita tano. Chini utandike majivu au maranda ya fundi seremala, yanakata harufu. Na iwe na mfuniko wa kuweka juu tu, si ule wa kubana kwa nguvu. Mtoto akianza kutapika mkono mmoja unao yeye.